Bi Masijala Anajibu: Serikali Ikisema Haki Sawa, Nionyeshe Maandishi

Toleo lililopita nilimjibu msomaji mmoja kwa mistari michache tu: serikali inayodai kuunga mkono haki sawa kwa mashoga, wasagaji na watu waliobadili jinsia, iulizwe imeandika nini. Mistari hiyo imeniletea barua nyingi. Wengine mmenishukuru, wengine mmenichamba. Matusi nimeyaweka pembeni. Maswali ndiyo haya.

Shikamoo Bi Masijala. Kila siku nasikia nchi hii inaunga mkono haki sawa, ile haiungi. Kuunga mkono ni kufanya nini hasa? Ni kupandisha bendera ya upinde wa mvua kwenye jengo la wizara, au ni kuruhusu ndoa tu?
*Mwanafunzi wa uandishi wa habari*

Marahaba mwanangu. Bendera hupandishwa asubuhi ikashushwa jioni, usiihangaikie. Mimi nimezeekea masijala ya mahakama, na kila nikisikia ahadi ya mkubwa huuliza mambo mawili: imeandikwa wapi, na atakayeivunja atafanywa nini?

Jambo la kwanza kabisa ni serikali kuacha kuwakamata watu. Nchi zaidi ya 60 bado zina sheria za kuwafunga wapenzi wa jinsia moja. Utaambiwa, aa, sheria hiyo ipo kwenye vitabu tu, haitumiki. Usikubali haraka. Mwaka 1976, mwezi Januari, polisi walifika nyumbani kwa Jeffrey Dudgeon, karani wa kampuni ya meli mjini Belfast, Ireland Kaskazini. Hati yao ilikuwa ya kutafuta dawa za kulevya. Katika kupekua wakakuta barua na shajara zake, wakasoma humo kwamba ana mahusiano na wanaume. Wakampeleka kituoni, wakamhoji kama saa nne na nusu juu ya maisha yake ya chumbani. Hatimaye hakushtakiwa. Karatasi zake alirudishiwa baada ya mwaka hivi, na zilirudi na maandishi ya watu wengine juu yake.

Hukumu nimezisoma nyingi, lakini hilo la shajara kurudi kwa mwenyewe ikiwa imeandikwaandikwa na watu wa serikali halinitoki. Hakufungwa hata siku moja, na bado sheria "isiyotumika" ilimpa askari ruhusa ya kukaa mezani na kusoma siri za mtu mzima. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimpa ushindi Oktoba 1981, na mwaka uliofuata sheria ya Ireland Kaskazini ikabadilishwa. England na Wales walikuwa wameshaibadilisha ya kwao tangu 1967.

Kwa mwandishi wa habari kama wewe, kesi ya Nicholas Toonen wa Tasmania ni tamu zaidi, maana humo serikali yenyewe iliunga mkono. Tasmania ni jimbo la Australia. Toonen alipoilalamikia sheria ya jimbo mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, Australia ndiyo iliyotakiwa kujibu. Serikali kuu haikuitetea sheria ile. Ilikubali kwamba faragha ya Toonen imeingiliwa. Wakubwa wa Tasmania walidai sheria inazuia UKIMWI. Kamati ikakataa hoja hiyo, na mwaka 1994 ikatoa uamuzi wa kumpa haki mlalamikaji. Bunge la Australia likatunga sheria ya kulinda faragha mwaka huohuo. Tasmania ikashikilia msimamo hadi 1997, ndipo ikafuta. Hapo unaona kuunga mkono kwa vitendo: wakili wa serikali anasimama na kusema, katika hili raia ana haki.

Baada ya hapo huja ulinzi wa kazi, nyumba, shule na hospitali. Hapa ndipo wengi hudhani ndoa ndiyo kilele, na sivyo. Marekani ndoa ya jinsia moja iliruhusiwa nchi nzima Juni 2015. Lakini ilibidi kusubiri hadi Juni 2020, katika kesi ya Gerald Bostock, aliyefukuzwa kazi ya serikali ya mtaa huko Georgia baada ya kujiunga na timu ya softboli ya mashoga, ndipo Mahakama ya Juu ikasema sheria ya ajira ya nchi nzima inawalinda. Kwa miaka hiyo mitano, katika majimbo mengi, cheti cha ndoa ambacho serikali imekupa kingeweza kukufukuzisha kazi pale kitakapoonekana ofisini. Wisconsin, jimbo la nchi hiyohiyo, lilikuwa limeshakataza ubaguzi huo kazini tangu 1982.

Sasa ndoa. Ukiondoa keki na picha, ndoa ni rundo la haki za kikaratasi: mirathi, pensheni, bima, na nani atauliziwa na daktari wewe ukiwa hujitambui. Edith Windsor wa New York alifiwa na mke wake, Thea Spyer, mwaka 2009. Walikuwa wamefunga ndoa Kanada. Serikali kuu ya Marekani haikuitambua ndoa hiyo, ikamdai bibi kizee yule kodi ya mirathi dola 363,053. Angekuwa ameolewa na mwanamume asingedaiwa hata senti. Alishtaki, akashinda mwaka 2013. Ukiandika makala yako, andika tarakimu hiyo kwa ukamilifu wake. Wasomaji wataelewa kuliko ukiandika "usawa".

Halafu liko la kulipa yaliyopita, ambalo serikali chache zina ujasiri nalo. Ujerumani mwaka 2017 ilitunga sheria ya kufuta hukumu walizopewa wanaume baada ya Vita Kuu ya Pili kwa kifungu cha 175, kilichoharamisha mapenzi kati ya wanaume, na kuwalipa walio hai: euro 3,000 kwa kila hukumu na 1,500 kwa kila mwaka wa kifungo. Ni fedha ndogo, kwa maoni yangu ndogo mno, lakini ina risiti.

Bi Masijala, salaam. Nimekuwa diwani kwa muda mrefu. Serikali huchaguliwa na wengi, na wengi hawalitaki jambo hili. Kwa mantiki gani serikali iende kinyume na walioiweka madarakani?
*Diwani mstaafu*

Mheshimiwa, swali lako ni la haki na nitalijibu bila kulipamba. Haki za msingi ziliwekwa kwenye katiba makusudi ili zisipigiwe kura kila msimu. Wewe mwenyewe ukishtakiwa kesho, hutapenda umati nje ya mahakama upige kura kama usikilizwe au usisikilizwe.

Afrika Kusini ndiyo nchi ya kwanza duniani kuandika katika katiba yake kwamba mtu asibaguliwe kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi. Kiko kifungu cha 9 cha katiba ya 1996. Walioandika walikuwa wametoka kwenye utawala uliowapanga watu kwa rangi, wakaamua kuifunga milango yote kwa pamoja. Miaka ikapita, wanawake wawili, Marié Fourie na Cecelia Bonthuys, wakaenda mahakamani wakitaka kuoana. Desemba 2005 Mahakama ya Katiba iliwapa haki, lakini haikujitungia sheria. Ililipa Bunge miezi 12 lirekebishe. Bunge likajadili, likapiga kura 230 dhidi ya 41, na sheria ikaanza kutumika tarehe 30 Novemba 2006, siku moja kabla ya muda kwisha. Kama kuna mtu amewahi kufanya kazi na Bunge, hatashangaa na hiyo siku moja.

Na hao wengi unaowasema, Mheshimiwa, si ukuta. Ireland iliwauliza wananchi wenyewe Mei 2015. Asilimia 62 wakasema ndiyo. Slovenia nao waliuliza mwaka huohuo, wakakataa. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya Slovenia ikasema kuwanyima ndoa ni ubaguzi, Bunge likabadilisha sheria. India mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliyarudisha mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa la jinai, mojawapo ya hoja zake ikiwa kwamba wahusika ni sehemu ndogo mno ya watu wa nchi. Septemba 2018 majaji watano wa mahakama hiyohiyo waliitupa hoja ile kwa kauli moja, na mmoja wao, Indu Malhotra, akaandika kwamba historia inawadai watu hao na familia zao msamaha. Mimi nakubaliana na majaji wa 2018. Uchache wa mtu ndio sababu hasa ya yeye kuhitaji mahakama. Walio wengi wanaye tayari mbunge.

Je, serikali ikitoa haki sawa itawalazimisha viongozi wa dini kufungisha ndoa hizi?
*Msomaji mwenye wasiwasi*

Kwa kawaida hapana. Sheria ya ndoa ya England na Wales ya 2013 ilikwenda mbali zaidi: Kanisa la England limezuiwa kisheria kufungisha. Denmark, ambako kanisa ni la taifa, Bunge lilifungua kanisa kwa ndoa hizo mwaka 2012, lakini mchungaji mmoja mmoja anaruhusiwa kukataa. Ndoa ya serikali hufungwa na msajili.

Bi Masijala, kwa heshima zote, haya ni mambo ya wazungu na misaada yao. Serikali za Kiafrika zinazounga mkono zinafuata pesa. Ukweli usemwe.
*Mzalendo*

Ndugu Mzalendo, tuuseme basi. Kifungu cha 377 cha Kanuni ya Adhabu ya India, kile kilichoadhibu mapenzi ya jinsia moja, kiliandikwa na Waingereza mwaka 1860, kisha maneno yake, karibu yaleyale, yakapelekwa koloni kwa koloni. Angola na Msumbiji zilirithi kanuni ya adhabu ya Kireno ya 1886. Kwa hiyo kama ni kurudisha vya wazungu kwa wazungu, Msumbiji ilifanya hivyo mwaka 2015, na Angola kanuni yake mpya ilianza kutumika Februari 2021. Angola hata iliongeza adhabu kwa anayemnyima mtu kazi kwa sababu ya mwelekeo wake. Na azimio la kwanza la Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa kuhusu jambo hili, Juni 2011, lililetwa na Afrika Kusini. Lilipita kwa kura 23 dhidi ya 19.

Botswana inapendeza kuitazama kwa karibu. Mahakama Kuu ilifuta kosa hilo mwaka 2019. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa Novemba 2021. Ingeweza kununa. Badala yake, Januari 2022 Rais Mokgweetsi Masisi alikutana na wawakilishi wa jamii hiyo akawaambia hukumu itaheshimiwa. Hakuna aliyemtaka aipende hukumu. Alitakiwa kuitii, basi.

Ila kuna mahali uko sahihi, na sitakunyima. Vitisho vya kukata misaada mara nyingi huwaumiza walewale wanaotakiwa kusaidiwa. Mwaka 2011 waziri mkuu wa Uingereza, David Cameron, alipotishia hivyo, wanaharakati wa Kiafrika, wakiwemo mashoga na wasagaji wenyewe, walitoa tamko la kumpinga. Walijua mgonjwa akikosa dawa kwa sababu ya msaada uliositishwa, lawama haitapelekwa London. Itapelekwa kwa jirani anayeshukiwa. Anayetaka kuunga mkono kutoka nje angewauliza kwanza walioko ndani.

Shikamoo Bi. Mimi ni karani, kazi yangu ni kutoa nyaraka dirishani. Alikuja mtu, jina na jinsia kwenye karatasi havifanani na sura yake, foleni ikaanza kucheka. Nilimwambia arudi siku nyingine. Sijisikii vizuri. Sheria yetu haisemi kitu. Nilipaswa kufanya nini?
*Karani*

Marahaba, mwenzangu wa dirishani. Barua yako nimeisoma zaidi ya zote, maana serikali ya mwananchi wa kawaida haiko ikulu, iko kwenye kidirisha chako.

Kwanza, foleni. Usiite jina kwa sauti. Ita kwa namba, au mwambie mtu aandike anachotaka kwenye kikaratasi akupe. Hilo halihitaji sheria mpya, na litawafaa wote, mwenye talaka, mwenye deni na mwenye ugonjwa. Pili, pokea ombi lake na uligonge muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Usimrudishe kwa mdomo. Kama unakataa, kataa kwa maandishi na utaje kifungu. Ukikosa kifungu cha kutaja, umepata jibu lako: peleka faili kwa mkubwa wako. Makarani wengi hawajui nguvu ya kukataa kwa maandishi. Ombi lililokataliwa kwa mdomo limekufa pale pale, lakini lililokataliwa kwa barua linaweza kwenda mahakamani.

Kenya lilikwenda. Audrey Mbugua alitaka jina jipya kwenye cheti chake cha sekondari, maana kila mwajiri aliona jina la kiume na mwanamke mbele yake. Baraza la mitihani lilikataa. Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza hilo limpe cheti kipya chenye jina lake, kisicho na alama ya jinsia. Jaji hakuona sababu ya alama hiyo: mtihani hupimwa kwa majibu ya mtahiniwa. Kenya hiyohiyo, katika sensa ya 2019, iliwahesabu kwa mara ya kwanza watu waliozaliwa na jinsi mbili, wakapatikana 1,524. Kwa mtu wa takwimu hiyo ni namba ndogo. Kwa mtu wa masijala ni watu 1,524 waliopata kisanduku cha kutiwa alama.

Serikali zilizolifanyia kazi jambo hili zimerahisisha fomu. Argentina mwaka 2012 ilitunga sheria inayomruhusu mtu mzima kubadilisha jina na jinsia kwenye nyaraka kwa tamko lake, bila jaji na bila cheti cha daktari. Malta ikafuata njia hiyo 2015. Linganisha na Sweden, iliyokuwa ya kwanza duniani kuweka utaratibu huo kisheria, mwaka 1972, halafu ikaweka sharti mtu afungwe kizazi kwanza. Sharti hilo lilidumu hadi 2013. Mwaka 2018 Bunge likakubali kuwalipa waliofanyiwa hivyo kronor 225,000, fedha ya kwao, kila mmoja. Fikiria wewe ndiye uliyekuwa karani wa Sweden, unapokea fomu na kuangalia kama karatasi ya hospitali imeambatishwa.

Yule mtu akirudi, mhudumie. Asiporudi, na anwani yake unayo kwenye faili, mwandikie barua fupi ya kumwita.

Bi Masijala, binti yangu kaniambia yeye ni msagaji. Nimelia, sasa nimetulia. Anataka kwenda kusoma nchi ambayo sheria zinamlinda. Je, sheria hizo hazigeuki akiwa huko?
*Mama wa binti mmoja*

Dada yangu, pole, na hongera kwa kutulia. Kabla ya safari: asikushawishi mtu yeyote kumpeleka mtoto "akatibiwe". Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990, na nchi kama Malta zimeyapiga marufuku matibabu hayo, wao tangu 2016.

Sheria hugeuka, ndiyo. Gabon iliyafanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa la jinai 2019, ikaliondoa kosa hilo 2020. Uganda, Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria ya kwanza ya kupinga ushoga mwaka 2014 kwa kuwa akidi ya wabunge haikutimia, haikugusa haki yenyewe; mwaka 2023 Bunge likaleta nyingine kali zaidi. Hungary, mwanachama wa Umoja wa Ulaya, mwaka 2025 ilipitisha sheria ya kuzuia maandamano ya mashoga na wasagaji, na watu wakaandamana Budapest, mji mkuu, Juni mwaka huohuo. Kwa hiyo usiulize tu kama ulinzi upo. Uliza umekaa kwenye karatasi gani. Ulio kwenye amri ya rais ni mwepesi mno: wanajeshi waliobadili jinsia Marekani waliruhusiwa 2016, wakazuiwa 2019, wakaruhusiwa 2021, wakazuiwa tena 2025, kila mkubwa na kalamu yake. Ulio kwenye sheria ya Bunge unahitaji Bunge kuutoa. Ulio kwenye katiba, kama Afrika Kusini, au Malta tangu 2014, ni mgumu zaidi kung'oa.

Halafu mwambie binti aandike barua pepe chuoni kabla ya kulipa ada, aulize: nikibaguliwa hapa, malalamiko napeleka ofisi gani, na yanajibiwa ndani ya siku ngapi? Wakimjibu kwa jina la ofisi na idadi ya siku, alipe. Wakimtumia picha ya bendera, aendelee kutafuta chuo.